Nukta za Swali la Tatu

Mkuu wa shule alizungumza na Ilinca kwa sauti ya juu, kana kwamba siku macho yalipozimika masikio nayo yalifuata.

"Chagua jiografia, mwanangu! Ji-o-gra-fi-a! Wewe unasema, mtu anaandika, mmemaliza!"

"Nakusikia, Mwalimu," alisema Ilinca.

Saveta, mama yake, akamfinya paja. Maana yake: taratibu, sisi ndio tuliokuja kuomba. Alikuwa amechukua ruhusa ya saa mbili kwenye karakana ya mashati anakoshona, na mikono yake bado ilinuka mafuta ya cherehani. Walikuwa wamekalishwa kwenye viti vya plastiki karibu na mlango. Ilinca alijua hivyo kwa jinsi sauti ya mkuu ilivyotokea mbali, na kwa upepo wa korido uliompiga mgongoni.

Zilibaki siku nane kabla ya mtihani wa kumaliza sekondari. Miezi kumi na minne nyuma, Ilinca Pricop aliugua homa iliyovimbisha mishipa ya macho, na baada ya wiki tatu hospitalini akatoka akiwa haoni hata mwanga wa taa. Alikuwa na miaka kumi na saba. Nukta nundu, yale maandishi ya vipele ambayo wasioona husoma kwa vidole, alikuwa bado anayapapasa kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwa hiyo kwenye mtihani angesomewa maswali, na majibu angeandikiwa na mtu mwingine. Hilo sheria iliruhusu. Ugomvi ulikuwa kwenye kemia.

"Swali la tatu la kemia ni la kuchora, kila mwaka," mkuu alisema, sasa akimgeukia Saveta. "Ile michoro ya nukta za elektroni. Alama kumi na tano. Mwandishi anaruhusiwa kuandika anachoambiwa, kuchora hakumo. Tena mwandishi mwenyewe hawezi kuwa mwalimu wa kemia, wala ndugu. Haya, niambie mama, mtoto asiyeona atamchorishaje mtu asiyejua?"

"Sijui, Mwalimu," alisema Saveta kwa unyonge. "Yeye anasema anaweza."

"Anasema!"

"Kuna kuchora gani pale?" Ilinca akauliza. "Ni herufi na nukta. N ni herufi. Nukta ni nukta, ipo mwisho wa kila sentensi. Mwandishi ataiweka nitakapomwambia. Kama sheria inakataza nukta, basi na insha yangu ya lugha iandikwe bila nukta."

Karani aliyekuwa pembeni alicheka kwa pua, kisha akajifanya anakohoa.

"Mdomo unao," alisema mkuu. "Sawa. Lakini mtatia saini kwamba nilikuonya. Ukifeli, sitaki machozi ofisini kwangu."

Karani akaja na karatasi. Bila kusema neno alimkamata Ilinca kidole gumba na kukibandika kwenye kitu kibichi, baridi. Ilinca aliruka nusu ya kiti.

"Nini hiki?"

"Wino, dada. Kwa wasioweza kuandika."

"Jina langu naweza kuliandika."

Saveta akamwekea kidole mahali pa kusaini, na Ilinca akaandika jina lake lote, polepole, akikifuata kidole cha mama yake kama mtu anayefuata ukuta. Karani akaiangalia karatasi na kusema haifai, imeingia wino pembeni. Akaleta nyingine, na Ilinca akasaini tena.

Kwenye ngazi Saveta alisema, "Ungenyamaza kidogo tu."

"Ningenyamaza, leo ningekuwa mwanajiografia."

Saveta hakucheka.

*

Waliishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko. Kwa miezi yote hiyo darasa la Ilinca lilikuwa meza ya jikoni, na mwandishi wake alikuwa Saveta, akirudi kazini miguu imevimba. Walikuwa wamejitungia lugha yao. Kila herufi ilikuwa chumba: juu ni dari, chini ni sakafu, kushoto ni dirisha, kulia ni mlango. "N, mbili darini," Ilinca angesema, na Saveta angeweka nukta mbili juu ya N. Karatasi iliwekwa juu ya taulo lililokunjwa, kalamu ikabonyezwa kwa nguvu, na Ilinca aliigeuza karatasi na kusoma vipele kwa kidole upande wa nyuma.

Jioni hiyo alisema, "Mama, wewe hufai tena."

"Ahsante sana."

"Umeshakuwa fundi. Nikisema 'maji' tu, mkono wako unakwenda wenyewe. Siku hiyo nitapewa mtu ambaye hajui chochote."

"Mtu ambaye hajui chochote," ilisema sauti kutoka kwenye kibaraza, "ndiye mimi, siyo?"

Ilikuwa sauti ya Toader, baba yake. Alikuwa mchomeleaji kwenye karakana ya mabehewa ya treni, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Tangu Ilinca atoke hospitalini hakuwa akisema na binti yake moja kwa moja. Alimpitishia mama yake: mwambie asogeze kiti, muulize kama ameshiba. Ilinca alishazoea kusikia habari zake zikipita juu ya kichwa chake kama chumvi inavyopitishwa mezani.

"Ndiyo, baba," alisema. "Wewe unafaa kabisa."

Kiti kililalamika. Toader alikuwa amekaa.

"Sema."

"Kila atomu inataka elektroni nane kuizunguka. Haidrojeni peke yake inatosheka na mbili. Hazina za kutosha, basi zinashirikiana, mbili mbili, na zile za pamoja ndizo zinazozishikamanisha. Nukta moja ni elektroni moja. Lakini hayo si lazima uyajue. Wewe andika tu. N. Mbili kwenye dirisha."

"Dirisha lipi? Dirisha liko nyuma yangu."

Mama alikaa siku zote upande wa pili wa meza. Kumbe lugha yao nzima ilifaa kiti kimoja tu duniani.

"Kushoto," alisema.

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa anayesoma karatasi. Mbili, moja juu ya nyingine. Kulia kwa N weka sita, safu tatu za mbili mbili. Halafu N nyingine, na kulia kwake mbili."

Kalamu iligonga karatasi, ikasimama, ikagonga tena. Ilinca aliigeuza na kupapasa.

"Katikati umeweka saba."

"Nimeweka sita."

"Hesabu, baba."

Akahesabu. Akahesabu tena, kwa sauti ya chini. Kisha kalamu iligonga ukuta na kudondoka kwenye sinki.

"Kwa nukta! Mtu mzima nimetoka kazini, naulizwa habari za nukta! Chukua jiografia! Watu wote wanasema chukua jiografia. Unataka kutuaibisha mpaka lini?"

"Toader," alisema Saveta.

"Aibu gani?" Ilinca akauliza.

Toader alipumua kama mtu aliyepanda ngazi. "Kila asubuhi wananishika bega. Msimamizi ananipa kazi nyepesi. 'Mtoto anaendeleaje, Toader?' Vijana niliowafundisha kushika moto wananibebea mitungi ya gesi. Ukifeli watanishika bega tena, nami nitasema nini? Kwamba binti yangu asiyeona alikwenda kuchora?"

"Baba, nani ameona elektroni?"

"Nini?"

"Mwalimu wangu wa kemia hajaiona. Mkuu wa shule hajaiona. Aliyetunga mtihani hajaiona. Wote wanaipapasa kichwani, kama mimi. Kwenye jiografia kuna milima na ramani na rangi, huko ndiko nitakuwa kipofu. Huku tuko sawa."

Ilinca alisikia baba yake akiinuka, akadhani anaondoka. Badala yake maji yalichuruzika kwenye sinki, kalamu ikafutwa kwenye suruali, na kiti kikalalamika tena.

"Rudia," alisema Toader. "Polepole. Na usinipigie kelele."

Ugali wao wa mahindi ulipoa na kuganda kwenye sufuria na jibini juu yake, na bado walikuwa wakibishana.

*

Siku ya mtihani wa kemia, kwenye kituo cha basi, jirani yao Bi Frusina alimwekea Ilinca mkate wa mviringo mkononi na kuufumba mkono wake juu yake.

"Pokea, mwanangu. Kwa ajili ya roho za marehemu wangu."

Ni sadaka wanayopewa maskini mlangoni pa kanisa. Ilinca alisema, kama inavyosemwa, "Mungu awarehemu," na akaushika ule mkate njia nzima asijue auweke wapi. Mkono wa Saveta ulikaza kiwiko cha binti yake mpaka kikauma.

Chumba kilikuwa kitupu na cha joto, na madirisha yalifunguliwa upande wa miti iliyochanua, harufu tamu ikajaa mpaka kooni. Kulikuwa na watu watatu: wasimamizi wawili wa kike, mmoja mwenye viatu vya kugonga sakafu, na mwandishi. Ilinca alisikia mwili mkubwa ukijibana kwenye dawati la mwanafunzi.

"Naitwa Costin," mwandishi alinong'ona. "Nafundisha michezo, shule ya kule ng'ambo ya reli. Kemia niliisahau hata kabla sijaisoma. Usiogope."

"Maongezi hapana!" alisema mwenye viatu. "Kamera inarekodi. Mwalimu anasoma swali, mtahiniwa anasema jibu, mwalimu anaandika. Akiombwa, anarudia kusoma alichoandika. Basi."

Saa mbili za kwanza zilikwenda. Costin aliandika vizuri, isipokuwa kila neno refu alitaka litajwe herufi kwa herufi, na hapo ndipo muda ulipopotelea. Walipofika swali la tatu zilibaki dakika ishirini na mbili.

"'Chora miundo ya nukta za elektroni ya molekuli za nitrojeni, amonia na kaboni dioksaidi,'" Costin alisoma. Kisha akameza mate. "Chora?"

"Andika," alisema Ilinca. "Herufi na nukta. Mwalimu, naomba ubonyeze kalamu kwa nguvu, nipapase upande wa nyuma."

Viatu viligonga sakafu mara nne na kusimama karibu. "Hapana. Karatasi yenye mikwaruzo au alama ya kipekee inafutwa. Unataka mtihani wako ufutwe?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Akaweka mikono yake mapajani, akaifungamanisha, akaanza.

Nitrojeni ilikwenda. Alisema kama alivyomwambia baba yake, kushoto kwa anayesoma, safu tatu za mbili mbili, na kalamu ya Costin iligonga karatasi kwa sauti ndogo, tik, tik. Ilinca aligundua kwamba anaweza kuhesabu. Alihesabu mbili, sita, mbili. Kumi. Akashusha pumzi.

"Amonia. N katikati. H kushoto, H kulia, H chini. Kati ya N na kila H weka nukta mbili. Na juu ya N weka nukta mbili."

Nje lori lilipita na kubadili gia. Kalamu iligonga, lori likanguruma, na hesabu ikampotea.

"Nisomee ulichoandika."

"N katikati," Costin alisoma. "H kushoto, H kulia, H chini. Nukta mbili kila kati."

"Na juu?"

"Juu nini?"

"Juu ya N. Kuna nini?"

Costin akasita. "Unataka... niseme ilivyo, au..."

"Mwalimu!" Viatu tena. "Unamwongoza. Ukimwongoza tena naandika ripoti, na karatasi inafutwa."

"Mimi simwongozi, nimeulizwa..."

"Nimesema!"

Ilinca alihisi jasho likimtiririka nyuma ya magoti. Kama nukta mbili za juu hazipo na akasema ziongezwe, sawa. Kama zipo na akasema ziongezwe, zitakuwa nne, na amonia itaharibika. Mtu mwenye macho angeinamisha kichwa mara moja tu, akajua. Costin alikuwa akipumua kwa mdomo, kwa woga, na woga wake ndio uliomtisha zaidi.

"Kata yote," alisema. "Mstari mmoja. Tunaanza amonia upya."

"Yote?"

"Yote. Nitasema moja moja, na wewe usiweke nyingine mpaka niseme."

Akasema moja moja. Nukta, tik. Nukta, tik. Zilikuwa nane. Ilichukua dakika tano kwa jambo ambalo zamani lilimchukua nusu dakika kwa kalamu, huku akitafuna kifuniko.

"Kaboni dioksaidi. C katikati. O kushoto, O kulia. Kati ya C na kila O weka nukta nne, safu mbili za mbili mbili. Juu ya kila O mbili. Chini ya kila O mbili. Haraka, Mwalimu, tafadhali."

Kalamu ikakimbia. Nne. Nane. Juu ya O ya kwanza, kumi. Chini, kumi na mbili. Juu ya O ya pili, kumi na tatu, kumi na...

"Zimebaki dakika mbili!" alitangaza mwenye viatu, kwa sauti ya kumtosha mtu wa ghorofa ya chini.

Aliponyamaza, kalamu nayo ilikuwa imenyamaza.

"Nimemaliza," alisema Costin.

"Zote?"

"Nadhani."

Wakamnyang'anya karatasi kabla hajaomba isomwe.

*

Orodha ilibandikwa kwenye uzio wa shule siku ya Ijumaa. Saveta alisoma mara moja, akaufunika mkono wa binti yake kwa mikono yake miwili. Lugha alama sabini na nane. Hisabati sitini na tisa. Kemia arobaini na nne. Chini ya hamsini katika somo lolote ni kufeli mtihani mzima.

Nyuma yao mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, bila kupunguza sauti, "Ni yule kipofu. Walimwambia achukue jiografia."

Jumatatu ilikuwa siku ya kuangalia karatasi. Mtahiniwa aliruhusiwa kuja na mtu mmoja. Saveta hakupata ruhusa tena kwenye mashati. Asubuhi, Ilinca akiwa anavaa viatu, alisikia baba yake akizungusha funguo mfukoni.

"Twende," alisema Toader.

Ofisini walikaa kwenye viti vilevile vya plastiki, vilivyokuwa vimesogezwa mezani. Mkuu wa shule safari hii hakupaza sauti, na huo upole ulikuwa mbaya zaidi. "Baba, nilisema mapema. Swali la tatu amepata sufuri. Bila shaka msahihishaji aliona michoro si yake. Sasa sikilizeni. Mwandishi wa mtihani wa marudio, ule wa Agosti, lazima aombwe leo kabla ya saa sita. Naweza kuomba, kwa jiografia. Lakini siwezi kumwombea mtu ambaye rufaa yake haijajibiwa. Ni moja au nyingine."

"Rufaa ikikataliwa?" Toader akauliza.

"Anasubiri mwaka."

Ilikuwa saa tano na nusu. Mkuu aliwasukumia karatasi na kubaki amesimama.

"Nisomee swali la tatu, baba," alisema Ilinca.

Karatasi ilichakarika. "Ipo. Michoro yote ipo. Iko sawa."

Alijibu upesi mno. Ilinca aliijua sauti hiyo: ndiyo aliyoitumia hospitalini, wiki ya kwanza, aliposema daktari ana matumaini.

"Baba. Usiniambie iko sawa. Niambie kilichopo. Na usinionee huruma, nakuomba. Ukinihurumia leo nimekwisha."

Kidole kizito cha Toader kilianza kugonga meza, pigo moja kwa kila nukta.

"Nitrojeni. N. Kushoto mbili. Katikati mbili, mbili, mbili. N. Kulia mbili. Kumi."

"Amonia."

"Hii imekatwa kwa mstari. Ina... ina mbili juu."

"Inazo?"

"Inazo. Alikuwa ameziweka."

Ilinca aliuma mdomo. Kumbe alimkata mtu aliyekuwa sahihi, na dakika tano zikaenda.

"Ya pili."

"N katikati. H kushoto na mbili. H kulia na mbili. H chini na mbili. Juu mbili. Nane."

"Kaboni dioksaidi."

"O, juu mbili, chini mbili. Kati nne. C. Kati nne. O. Juu mbili." Kidole kikasimama. "Chini..."

Saa ya ukutani ilisikika. Mkuu wa shule alihamisha uzito wake kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Ilinca alisikia baba yake akiinuka, akienda dirishani na karatasi, akirudi.

"Chini kuna moja," alisema Toader. "Nimeiangalia kwenye mwanga. Ni moja tu, mwanangu."

"Mnaona," alisema mkuu.

Ilinca akajikuta anataka kucheka. Mtu anayetaka kumdanganya angemdanganya hapo. Kama hiyo moja ni kweli, basi na zile nyingine zote ni kweli. Nitrojeni kumi. Amonia nane. Michoro miwili mizima, alama tano kila mmoja. Arobaini na nne na kumi.

"Naomba fomu ya rufaa," alisema.

"Binti, umesikia nilichosema? Mwaka mzima!"

"Ilinca," Toader alisema. "Mwaka mzima. Nami si mtu wa kemia. Kama nimehesabu vibaya?"

"Umehesabu mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi nishike mkono, unionyeshe pa kusaini."

Karani aliandika maneno aliyoambiwa na Ilinca: kwamba herufi na nukta zimewekwa na mwandishi kwa imla yake, moja baada ya nyingine, na kamera ya chumba inalo kila neno. Karani alipofungua kile kisanduku cha wino, Toader alikifunga kwa kiganja.

"Anaandika," alisema.

Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa sita.

*

Kwa siku tatu nyumba ilitembea kwa ncha za vidole. Saveta alichoma shati kwa pasi kazini, akakatwa pesa. Toader alivunja mpini wa kikombe na kukaa akijaribu kuubandika mpaka gundi ikaganda kwenye vidole vyake. Usiku wa pili alisema gizani, kwa sauti iliyopita ukutani, "Ningemwambia ziko mbili, Saveta, angekata rufaa au angejaza fomu ya Agosti?" na Saveta akamwambia alale.

Alhamisi mkuu wa shule mwenyewe alipiga simu. Alisoma kama anayesoma bei ya sukari: swali la tatu, nitrojeni tano, amonia tano, kaboni dioksaidi sufuri. Jumla ya kemia, hamsini na nne. Amefaulu. Akasita, akaongeza kwamba chuo atakachoomba kitataka nakala mbili za cheti, zilizopigwa muhuri.

Saveta alikaa kwenye sakafu ya jiko, palepale alipokuwa, akalia na kitambaa cha vyombo usoni. Toader alitoka kwenye kibaraza na kubaki huko muda mrefu akiangalia reli.

Jumapili mchana mlango ukagongwa. Alikuwa mtu mkubwa mwenye mfuko wa karatasi uliojaa matunda ya cheri, na Ilinca alimtambua kabla hajasema, kwa namna alivyopumua kwa mdomo.

"Mwalimu Costin."

"Samahani kuja hivi. Nilisikia mwanzo ulipewa sufuri kwenye ile michoro." Alibaki kizingitini. "Nikasema ni mimi. Sijalala vizuri, kusema kweli. Kila nikifumba macho naona nukta."

"Karibu ndani, Mwalimu, usisimame hivyo," Saveta alisema, akimvutia kiti. "Amefaulu! Amefaulu, hujaambiwa?"

"Nimeambiwa. Hongera sana. Ila nataka kujua. Nilikosea?"

"Amonia uliiweka sawa tangu mara ya kwanza," Ilinca alisema. "Mimi ndiye sikukuamini. Unisamehe."

"Na ile ya mwisho? Yule mama alipopiga kelele?"

Saveta alikuwa akimkanyaga binti yake mguu kwa nguvu zake zote: zungumza vizuri na mgeni, kaleta cheri.

"Ile ya mwisho," alisema Ilinca, "nakudai nukta moja."

Costin alitoa sauti kama ya mpira unaotoka upepo, kisha akacheka, cheko kubwa la uwanjani lililomtikisa Saveta naye.

"Wapi? Niambie wapi, nife nikijua."

"Chini ya oksijeni ya kulia."

"Sielewi hata sasa. Niliziandika zote sijui ni nini. Kwa nini mbili? Kwa nini si tatu?"

Ilinca alifungua mdomo kuanza, lakini kiti cha upande wa pili kililalamika, na karatasi ikavutwa juu ya meza.

"Subiri, Mwalimu," alisema Toader, akitafuta kalamu mfukoni. "Hiyo nitakuonyesha mimi. Sogea huku, upande huu. Kwanza andika O."